Watoto Wanahamia Japani: Niwafundishe Nini Kabla ya Kuondoka?

Swali: Mume wangu yuko Japani tangu mwaka jana, anasoma shahada ya uzamili. Mungu akipenda mwezi Machi nitamfuata na watoto wetu wawili, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Tunaishi Tanga. Wanachokijua kuhusu Japani ni katuni, ninja na samurai. Wifi yangu amewanunulia kitabu chenye picha za kimono na ngome za kale, lakini sioni kama kinawasaidia. Wataingia shule ya serikali huko huko na hawajui Kijapani hata neno moja. Nina miezi mitatu. Nianzie wapi kuwazoesha utamaduni na maisha ya watu wa kule? Na kuna mambo mawili yananikosesha usingizi: chakula, maana sisi ni Waislamu, na hofu kwamba watasahau kwao. — *Mama wa wawili, Tanga*

Jibu: Dada yangu, kitabu cha wifi kina uzuri wake, kiache mezani wakifungue wenyewe wakipenda. Kimono wataiona: harusini, siku za Mwaka Mpya, na katikati ya Novemba, pale watoto wa miaka mitatu, mitano na saba wanapovalishwa vizuri na kupelekwa kwenye madhabahu kuombewa. Samurai hawatamwona. Watakachokutana nacho asubuhi ya kwanza ni rafu ndefu ya viatu mlangoni pa shule, na hapo ndipo Japani inapoanzia kwa mtoto.

Nimekuwa nikiziandaa familia za Afrika Mashariki zinazohamia kule kwa miaka mingi sasa, na ushauri wangu kwa kila mzazi ni ule ule: wafundishe siku ya mtoto wa Kijapani, toka anapoamka hadi anapolala, na uwafundishe kwa mikono. Shule ya msingi ya Japani kwa sehemu kubwa inaendeshwa na watoto wenyewe. Wao ndio wanaopakuliana chakula, wanaofagia, wanaopiga deki, wanaoongoza salamu darasani. Kila mtu ana zamu. Mtoto mgeni asiyejua lugha, lakini akaona wenzake wameshika vitambaa naye akachukua chake, anapata nafasi yake upesi sana. Mwingine unakuta kakariri maneno mia moja, ila hajui kwa nini wenzake wameinuka ghafla wote na kuanza kusogeza madawati. Huyo ndiye ninayemhurumia.

Kabla sijaingia shuleni, kuna vitu viwili ambavyo tayari unavyo hapo Tanga.

Cha kwanza ni saa. Japani iko mbele yetu kwa saa 6 kamili. Na kwa kuwa sisi tunahesabu saa toka macheo, namba tunayoitaja kwa Kiswahili ndiyo inayosomeka kwenye saa ya ukutani ya baba yao. Mkisema saa moja asubuhi, mnatoka kwenda shule, kwake akrabu iko kwenye 1, mchana. Mkisema saa tisa alasiri, kwake akrabu iko kwenye 9, usiku, anajiandaa kulala. Tundikeni saa moja sebuleni, muiite saa ya baba, na kila mara uwaulize: sasa hivi baba anafanya nini? Yeye atume picha ya jambo la kawaida kabisa la wakati huo: sahani yake, kituo cha basi, ndoo za taka zilizotenganishwa. Picha hizo zitawafaa kuliko picha za mlima Fuji.

Cha pili ni magari. Tanga imejaa magari yaliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu, na mengi ukiyawasha inatoka sauti ya mwanamke akisema jambo kwa Kijapani. Mara nyingi anasema kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Watoto wameisikia sauti ile tangu wakiwa wachanga. Ubavuni mwa baadhi ya Hiace bado kuna jina la kampuni au la shule ya chekechea ya kule. Wapige picha maandishi hayo, wamtumie baba, awaambie gari lilikuwa la nani. Ni somo la bure, na wanalifurahia. Kule nako magari yanapita kushoto, kwa hiyo kanuni ya kuvuka barabara, kulia, kushoto, kulia tena, wanakwenda nayo kama ilivyo.

Sasa viatu. Watoto wa Pwani hawahitaji kufundishwa kuvua viatu mlangoni, lakini kule jambo hilo lina hatua zake. Ndani ya mlango wa nyumba kuna sehemu ya sakafu iliyo chini kidogo, inaitwa genkan. Unavulia viatu pale, unapanda juu moja kwa moja bila soksi kugusa ile sehemu ya chini, kisha unavigeuza viatu vitazame nje. Ndani kuna slipa. Chooni kuna slipa nyingine zinazobaki chooni. Kutoka nazo hadi sebuleni ni aibu ambayo kila mgeni huipata mara moja. Kwenye chumba cha mikeka ya tatami hata slipa hazikanyagi. Shuleni mtoto ana viatu vyake vya ndani, vyeupe vya kitambaa na raba, huitwa uwabaki, na ana kisanduku chake cha kuwekea viatu vya nje. Ijumaa anavirudisha nyumbani vikafuliwe. Chora mstari wa chaki mlangoni kwako wiki hii, uwe ndio genkan yenu, na kila anayeingia, hata mjomba, aufuate.

Chakula cha mchana nitakaa nacho zaidi, kwa sababu ndicho kinachonipa picha nzima ya shule ile. Shule nyingi za msingi hazina bwalo. Kengele ikilia, watoto wa zamu wanavaa joho jeupe, kofia na barakoa, wanakwenda jikoni kuleta masufuria na trei, kisha wanapakua mbele ya darasa: wali au mkate, supu, samaki au nyama, mboga, na paketi ya maziwa ya mililita 200. Wengine wamepanga foleni na trei zao. Hakuna anayeanza mpaka wote wamepata, na mwalimu anakula chakula kile kile humo humo darasani. Wanaunganisha viganja, wanatamka itadakimasu kwa pamoja, ndipo wanakula. Wakimaliza wanasema gochisosama, wanarudisha vyombo, paketi za maziwa zinakunjwa bapa. Kikibaki kitu kitamu, labda kikombe kimoja cha pudini na wanaokitaka ni saba, hawagombani: wanacheza janken, ule mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi. Wafundishe janken leo usiku. Watoto wa kule wanaamua nao karibu kila kitu, nani aanze, nani akae wapi, na ukishindwa umeshindwa, hakuna kulalamika.

Utaratibu huu una historia. Unatajwa kuanzia mwaka 1889 katika mji wa Tsuruoka, mkoani Yamagata, kwenye shule iliyokuwa ndani ya hekalu la Wabuddha, ambako watoto wa maskini walipewa matonge ya wali, samaki wa chumvi na achari. Baada ya vita vya pili, watoto wakiwa na njaa, ulikuja mkate na maziwa ya unga ya msaada, na mwaka 1954 ikatungwa sheria ya chakula cha shule. Kwa hiyo mwalimu akimtazama mtoto anayeacha nusu ya sahani, ujue nyuma yake kuna nchi iliyowahi kukosa. Mwanao hatapigwa kwa kubakiza. Ila akizoea kuomba apunguziwe kabla ya kuanza kula, badala ya kuacha baadaye, atakuwa ametenda kama wenzake.

Jifunzeni nyumbani hivi. Siku mbili kwa wiki, mmoja awe wa zamu: afunge kitambaa kichwani, apakulie wote, asile mpaka wote wamepata. Tafuteni vijiti vya kulia, waanze kuokota njugu, kisha wali. Waambie makatazo mawili tu, mengine watayaona: vijiti havichomekwi wima ndani ya wali, na chakula hakipokezanwi toka kijiti hadi kijiti. Yote mawili ni mambo ya msiba. Wali wenye vijiti wima ni wa kumwekea marehemu, na mifupa baada ya kuchoma maiti ndiyo inayopokezanwa kwa vijiti. Bakuli kule linanyanyuliwa hadi karibu na mdomo, na tambi zinavutwa kwa sauti, waandae wasishangae. Na tonge la wali la pembetatu lililofungwa kwa mwani mkavu linaliwa kwa mkono, hilo watalipenda upesi. Mwani wenyewe ni wa aina tofauti na ule unaolimwa pwani yetu.

Hapo naingia kwenye hofu yako ya kwanza. Nguruwe yupo mara nyingi kwenye chakula cha shule, na si kama nyama peke yake: yumo kwenye mchuzi wa kari, kwenye mafuta, kwenye jelatini. Pombe ya kupikia nayo huingia kwenye michuzi mingi. Dawa yake ni karatasi. Kila mwezi shule hutuma nyumbani orodha ya chakula cha kila siku na viungo vyake. Kaa na mumeo na kalamu nyekundu, mtafute herufi 豚, ambayo ni nguruwe, na 酒, ambayo ni pombe, mzungushie duara. Siku zenye duara mtoto anabeba chakula cha nyumbani. Shule nyingi zinakubali, mradi mmeongea mapema na mwalimu wa darasa na mtaalamu wa lishe wa shule, na mkawaeleza kwa uwazi mnachokula na msichokula. Familia nyingine huamua mtoto abebe chakula chake kila siku ili kuondoa mashaka. Mimi kwa mtoto mdogo napendelea njia ya kwanza, kwa sababu ile dakika ya kupanga foleni na trei ina thamani kubwa kwake. Lakini dini ni yenu na uamuzi ni wenu. Mkishaamua, andaeni chakula kinachofanana kidogo na cha siku hiyo. Kama wenzake wana kari, naye awe na kari. Binti ajue kusema, *Buta wa taberaremasen*, siwezi kula nguruwe. Na ulizeni mapema kuhusu masomo ya kuogelea, maana shule nyingi zina bwawa na watoto huogelea miezi ya joto, kama mngependa binti avae vazi refu. Kama ataanza kufunga Ramadhani, mwambieni mwalimu, ili asije akadhani mtoto anaumwa.

Baada ya kula kuna usafi. Madawati yanasukumwa nyuma, wanafagia, kisha watoto wanapiga magoti, viganja viwili juu ya kitambaa kilichokamuliwa, makalio juu, wanakisukuma mbio toka ukuta huu hadi ule. Korido, ngazi, na shule nyingi hata vyoo. Mwalimu naye anafanya. Waeleze watoto jambo hili taratibu, kwa sababu shuleni kwetu mara nyingi mtoto anasafisha choo kwa kuwa amechelewa au amefanya kosa. Nimewaona watoto wetu wakilia siku ya kwanza wakidhani wameadhibiwa mbele ya darasa zima. Wajue kwamba ni ratiba, kama hesabu ilivyo kwenye ratiba. Shule itakuomba ulete vitambaa vya deki vilivyoshonwa kwa taulo kuukuu. Vishoneni pamoja sasa, waandike majina yao. Na mtoto afundishwe kukamua, maana wengi wanajua kulowesha tu.

Kuandika majina ni kazi yako pia, mama. Darasa la kwanza kila mtoto ana kisanduku cha hesabu: vijiti vya kuhesabia, vidude vya plastiki vya duara, saa ndogo, kadi. Mzazi anaweka jina kwenye kila kimoja, kila kijiti, kila kidude. Utakaa usiku mzima na vibandiko vidogo kuliko ukucha. Wakati huo utajua kwa nini hakuna kitu kinachopotea kule bila kurudi. Yale mabegi magumu ya mgongoni, randoseru, ni ghali sana, mapya yanafika makumi ya maelfu ya yeni, na hakuna sheria inayoyalazimisha. Mumeo aulize chuoni na kwa majirani. Mtoto akimaliza darasa la sita begi lake mara nyingi bado ni zima.

Kwenda shule wanatembea. Sehemu nyingi watoto wa mtaa mmoja wanakusanyika mahali fulani na kwenda kwa mstari, wakubwa wa darasa la sita mbele na nyuma, wadogo katikati na kofia za njano. Mzazi hampeleki mtoto hadi darasani. Hili linawatesa akina mama wa kwetu kuliko watoto. Waandae kwa kuwatuma dukani wawili peke yao, na kila mmoja ajue kutaja anwani yake na kusimama kwenye taa. Jioni vipaza sauti vya mtaa hupiga wimbo mfupi, sehemu nyingi saa kumi na moja, na watoto waliokuwa wakicheza nje wanarudi nyumbani. Waambie ni kama adhana ya Magharibi inavyowaita ndani kwenu. Watalishika mara moja.

Lugha nitasema ukweli kwa kila mmoja peke yake, kwa sababu safari zao hazilingani. Japani inapanga darasa kwa umri. Aliyetimiza miaka 6 kufikia tarehe 1 Aprili anaanza darasa la kwanza Aprili hiyo, mwanzo wa mwaka wa shule. Mwanao mdogo basi ataanza na wenzake mwanzo kabisa, akifundishwa herufi za hiragana, 46 za msingi, pamoja nao. Wengi watakuwa wanazijua tayari toka chekechea, kwa hiyo jitahidi afike anazisoma hata nusu. Binti yako wa miaka 9 ataingia darasa la nne, na wenzake watakuwa wameshafundishwa herufi 440 za kanji, zile zinazobeba maana nzima kama 豚: 80 mwaka wa kwanza, 160 wa pili, 200 wa tatu. Hawezi kuwafikia kwa miezi mitatu, na usimwache aamini kwamba anatakiwa kuwafikia. Atakaa darasani miezi kadhaa bila kuelewa sehemu kubwa. Baadhi ya shule humtoa mtoto mgeni kwa vipindi fulani apate Kijapani peke yake, nyingine hazina mwalimu huyo. Inategemea mji, na ulizeni hilo kabla ya kuchagua nyumba ya kupanga kama mna nafasi ya kuchagua. Mpe yeye silaha nyingine. Hesabu zake ziwe imara, kwa sababu namba zinasomeka bila lugha. Ajue kuandika jina lake kwa katakana, herufi za kuandikia majina ya kigeni, kukunja ndege wa karatasi bila kuangalia maelekezo, kuruka kamba vizuri. Mtoto mwenye kitu cha kuonyesha uwanjani hakosi wa kumsogelea.

Kinachowasaidia wote wawili ni ulimi wao. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, zinazotamkwa karibu kabisa na zetu, na silabi zake nyingi zinaishia na irabu kama za Kiswahili. Mswahili anasoma *sakana* au *tamago* sawasawa mara ya kwanza. NHK, shirika la utangazaji la Japani, lina idhaa ya Kiswahili na masomo ya Kijapani kwa wanaoanza. Dakika kumi kila siku baada ya Maghrib zinatosha. Msisitizo uwe kwenye sentensi za kujiokoa: *wakarimasen*, sijaelewa, *itai desu*, ninaumwa, *toire ni itte mo ii desu ka*, naomba kwenda chooni, *tetsudatte kudasai*, nisaidie. Na salamu. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo hatapata tabu na nchi ambayo kila kutoka na kila kurudi nyumbani kuna neno lake na jibu lake: anayetoka anasema *ittekimasu*, anayebaki anajibu *itterasshai*, anayerudi *tadaima*, na wa ndani *okaeri*. Anzeni kuyatumia mlangoni kwenu sasa hivi.

Tetemeko la ardhi usilitumie kuwaogofya, wala usiwafiche. Litatokea, dogo au kubwa, na shule hufanya mazoezi mara kwa mara, hasa karibu na tarehe 1 Septemba, kumbukumbu ya tetemeko kubwa la Kanto la 1923. Mtoto anaingia chini ya dawati, anashika miguu ya dawati, anasubiri. Wakati wa kutoka kuna makatazo manne wanayoyaimba kwa kifupi *o-ka-shi-mo*: usisukume, usikimbie, usiongee, usirudi ndani. Fanyeni kama mchezo chini ya meza ya chakula. Aliyewahi kujificha chini ya meza akicheka na mama yake atakuwa mtulivu zaidi siku meza itakapotikisika kweli.

Kuoga, kwa kifupi: mtu anajisugua na kujisuuza nje ya beseni, ndipo anaingia kwenye maji ya moto akiwa safi, na maji hayo hayo yanatumiwa na familia nzima. Sabuni haiingii ndani.

Kuna jambo hukuliuliza, nami silinyamazii. Watoto wako watatazamwa. Nywele za binti zitashikwa na wenzake, wengine kwa upendo, wengine kwa udadisi tu, na huenda akatokea wa kumtania rangi yake. Mtoto ajue mapema kwamba hili linaweza kutokea, kwamba kosa si lake, na kwamba ana ruhusa ya kusema *yamete kudasai*, acha tafadhali, na kwenda kwa mwalimu. Kuna daftari dogo la mawasiliano linalosafiri kila siku kati ya nyumbani na shule. Mwalimu anaandika humo, nawe uandike humo. Jambo la namna hii liandike siku hiyo hiyo, kwa maneno machache ya wazi, mumeo akusaidie au simu itafsiri. Walimu wa kule wanalichukulia daftari lile kwa uzito mkubwa, na mzazi anayenyamaza hudhaniwa kwamba kwake mambo ni shwari.

Kusahau kwao hutegemea nyumba kuliko shule. Mtoto wa miaka 6 akiwa kule mwaka mmoja au miwili atakujibu kwa Kijapani bila kujua. Wewe endelea kwa Kiswahili, usimkemee, usibadilishe. Hadithi za usiku ziwe za kwenu, madrasa iendelee hata kwa simu na mwalimu wake wa Tanga, bibi apigiwe simu kila Jumamosi kwa saa ile ile. Kiswahili cha kusoma ndicho kinachopotea kwanza, kwa hiyo beba vitabu vya darasa la pili hadi la tano mizigoni hata kama nguo zitapungua. Na tarehe 2 na 3 Januari uwakalishe mbele ya televisheni. Nchi nzima inatazama mbio za kupokezana za vyuo vikuu, toka Tokyo hadi Hakone na kurudi, na mara nyingi humo wamo vijana wa Kenya wanaosoma kule. Waeleze pia habari za Samuel Wanjiru, aliyeondoka Kenya akiwa kijana mdogo kwenda sekondari mjini Sendai, akajifunza lugha na mbio huko, kisha mwaka 2008 akaipatia Kenya dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mjini Beijing. Wajapani wanamkumbuka, na watoto wako wakimtaja watapata mazungumzo.

Mwisho, karatasi, maana kosa hapa hugharimu muhula mzima. Sheria ya kule haiwalazimishi watoto wa kigeni kwenda shule, hivyo usikae ukisubiri barua ya kuitwa. Ndani ya siku 14 tangu mpate makazi mnatakiwa kujiandikisha ofisi ya manispaa. Siku hiyo hiyo ulizeni dirisha la elimu, ombeni nafasi ya shule kwa wote wawili, na waambieni kwamba mdogo hakuwepo kwenye uchunguzi wa afya unaofanywa kabla ya kuanza darasa la kwanza. Ada na vitabu vya kiada ni bure. Chakula hulipiwa katika baadhi ya maeneo, na vifaa mnanunua wenyewe, lakini kuna msaada wa manispaa kwa familia zenye kipato kidogo, na familia ya mwanafunzi huweza kustahili; ombeni fomu bila kuona haya. Bebeni vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo na ripoti za shule, vyote vikiwa na tafsiri ya Kiingereza, na picha ndogo za pasipoti za kutosha. Mumeo aende kuiulizia manispaa hata sasa, kabla hamjafika, ni madarasa gani yana nafasi na shule ipi iko karibu, ili mkifika Machi mdogo awahi sherehe ya kuwapokea wa darasa la kwanza mwanzoni mwa Aprili. Wazazi huvaa vizuri siku hiyo. Vaa gauni lako zuri kutoka Tanga.